Vyumba Sita vya Uani

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnanijua kwa ubaya wangu. Kwa aliyefungua gazeti leo tu, nitajieleza upesi.

Naitwa Otilia Quiroz. Nina miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo nimeimalizia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ya Marlowe, hapa mjini Tolliver, nikifua mashuka ya watu nisiowaona. Mwezi wa tano baraza la mji lilianza kuzungumzia sheria yetu wenyewe ya kima cha chini cha mshahara, dola ishirini na moja kwa saa, juu ya kile cha jimbo. Mwenye hoteli, Bwana Haskett, akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti cha ngozi, akaniuliza ni nani kule chini anayepitisha karatasi ya kukusanya sahihi za kuiunga mkono.

Nikamtaja Verna Sykes.

Verna, rafiki yangu. Miaka sitini na mitatu, ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki ile ile alipunguziwa siku, kutoka tano hadi mbili, na hakujua nani kamchongea. Mimi nikaahidiwa usimamizi wa dobi, ndicho hicho chumba cha kufulia, kwa sharti moja: baraza likikaa kusikiliza wananchi, nisimame nisome karatasi niliyoandikiwa, niseme sisi wafanyakazi hatuitaki sheria hiyo.

Siku ikafika. Jumanne, mwezi wa saba, saa saba mchana. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi, na mimi nimevaa blauzi ya buluu aliyoninunulia Haskett.

"Umeisoma?" aliniuliza mlangoni.

"Nimeisoma."

"Usiharakishe. Ukifika kwenye neno familia, waangalie machoni."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilipogeuka, nikaona mkono unanipungia safu ya tatu. Verna. Alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kiti cha jirani ili mtu asikikalie.

"Nimekushikia nafasi, mdogo wangu," aliniambia. "Nilijua utakuja. Hawa wengine wote waoga." Akaishika kola yangu. "Umependeza. Nani kakununulia?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku zote hizo unatuficha."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto la mkoba wake.

Waliotangulia walizungumza dakika mbili mbili. Mama mmoja mwenye duka la mikate alisema ana wafanyakazi wanne, na sheria ikipita atabaki na watatu, hajui amwambie nani aondoke. Sauti ilimkatika. Sikumchukia. Alikuwa amekuja na maneno yake mwenyewe, na hilo lilinizidi.

"Otilia Quiroz," akaita karani.

Verna akanipiga kofi dogo la paja. "Nenda ukawachambe."

Pale mbele kuna taa ndogo tatu. Ya kijani ikawaka. Madiwani saba wananitazama, mwenyekiti wao, Bibi Lindqvist, amevaa miwani puani. Nikafungua karatasi.

"Sisi wafanyakazi wa Marlowe," nikasoma, "ni familia moja."

Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Kicheko kile nakijua, nimekunja naye mashuka miaka kumi na tisa. Verna alidhani natania. Alidhani naanza kwa kejeli ili baadaye niwapasulie ukweli, akacheka ili kunitia moyo.

Sentensi ya pili haikutoka.

Niliitazama karatasi, nikaona herufi, sikuona maneno. Taa ikawa ya njano.

"Bibi Quiroz?" akasema mwenyekiti.

"Familia gani," nikasema, "inayomkata dada yao siku tatu za kazi kwa sababu ameomba sahihi?"

Nikaikunja karatasi.

"Karatasi hii sikuiandika mimi. Nimepewa niisome, na hii blauzi nimepewa niivae. Nimeahidiwa cheo. Yule mama aliyepunguziwa siku amekaa safu ya tatu, na aliyemtaja kwa bosi ni mimi."

Taa ikawa nyekundu.

"Muda wako umekwisha, bibi," akasema Lindqvist, kwa upole.

"Najua. Nikitoka dobi huwa naenda kusafisha zahanati ya meno, na huko pia muda huwa umekwisha, ila nafanya. Nisikilizeni nusu dakika. Mwaka huu Marlowe imebadilishwa mapazia, jengo zima. Sijaomba pazia. Nataka kazi moja inilishe. Moja tu. Mkiona hilo ni kubwa, njooni dobi mnishikie ncha ya shuka saa moja, kisha mniambie linastahili kiasi gani."

Wengine walipiga makofi, wengine walizomea. Nikaiacha karatasi pale pale mbele na kurudi.

Haskett alikuwa amesimama kando ya njia. Akainama kidogo, kama anayetoa pole.

"Hiyo blauzi utairudisha."

"Nitaifua kwanza," nikamwambia.

Lilikuwa jibu zuri. Haskett kazi yangu angeweza kuichukua, haya. Lakini kutoka pale hadi safu ya tatu palikuwa mbali kuliko nilivyopaona wakati wa kwenda.

Verna hakuniangalia. Mkoba wake ulikuwa umerudi juu ya kiti.

"Dada Verna."

Akarekebisha kishikio cha mkoba.

"Dada, nilikuwa—"

"Ningejua, ningekuwekea msumari," akasema, macho mbele. Kisha akauvuta mkoba. "Kaa. Watu wanatutazama."

Nikakaa kwenye ncha ya kiti. Nililia kidogo bila sauti, sikuambiwa ninyamaze wala sikupewa kitambaa. Nilistahili.

Wasemaji walipokwisha, ikawa zamu ya madiwani. Bwana Purdy, ambaye dada yake ameolewa na ndugu wa Haskett, jambo linalojulikana na kila mtu hapa mjini isipokuwa Purdy mwenyewe, akaomba kuongeza kipengele kimoja kidogo.

"Hoteli zenye vyumba visivyofika sitini zisiguswe," alisema. "Tuwalinde wadogo."

"Marlowe ina vyumba vingapi?" akauliza diwani mmoja.

Karani akaangalia kitabu chake. "Hamsini na vinane."

Watu wakaguna. Wakapiga kura ya kile kipengele. Wanne wakakubali, watatu wakakataa. Kikapita.

Niligeuka. Haskett alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, ananitazama mimi. Hakucheka. Alinyoosha tu mikono ya koti lake.

Yaani sheria ingewafaa watu wa mji mzima, isipokuwa sisi tuliokwenda kuitetea. Nimepoteza cheo, nimepoteza rafiki, na mshahara wangu ungebaki ule ule.

Ndipo nikastuka. Hamsini na vinane?

Mimi ndiye ninayefua. Mashuka yanayonifikia ni ya vyumba sitini na vinne. Hamsini na vinane ni jengo la mbele. Vyumba sita viko uani, juu ya gereji ya zamani, ambavyo mkaguzi wa mji alivikataa miaka mitatu iliyopita kwa sababu havina ngazi ya dharura. Haskett hakuvifunga. Huvikodisha kwa wiki kwa watu wasio na pa kwenda, na mashuka yao hushushwa dobi kwenye mfuko mmoja mweusi usio na namba.

Nikamwinamia Verna. "Ni sitini na vinne."

"Nyamaza."

"Vile vya uani, dada. Tukisema, sheria inamkamata. Wewe unajua—"

"Nimesema nyamaza, Tilia." Sauti yake ilikuwa chini na kavu. "Unajua mimi nalala wapi?"

"Si kwako, mtaa wa Alder?"

"Kwangu wapi? Siku mbili za kazi zinalipa nyumba gani? Tangu mwezi wa sita nalala sitini na moja. Anakata kwenye mshahara." Akaubana mkoba mapajani. "Wakivifunga leo, mimi nalala kwenye gari. Kuna na yule mzee wa sitini na tatu mwenye mtungi wa hewa ya kupumulia. Yeye hata gari hana."

Mwezi mzima nilikuwa nikifua mashuka ya Verna nisijue ni ya Verna. Na aliyemlaza kule ni mimi.

"Samahani," nikasema.

"Samahani yako kaitundike."

Basi nikanyamaza. Nilishamuuza mara moja, sikuwa na haki ya kumuuza mara ya pili, hata kwa jambo jema. Mbele, mwenyekiti alikuwa anakusanya karatasi zake.

"Kama hakuna la ziada, tupige kura ya sheria nzima pamoja na kipengele cha Bwana Purdy."

Verna akatazama mikono yake. Ina mabaka meupe ya dawa ya kufulia mpaka kwenye viwiko, kama yangu. Aliitazama muda, kisha akasonya.

"Ah, potelea mbali," akasema, akasimama.

"Bibi mwenyekiti."

"Muda wa wananchi umefungwa, mama."

"Mimi si mwananchi, mimi ni chumba." Watu wakageuka. "Huyu karani wenu kasema Marlowe ina vyumba hamsini na vinane. Ina sitini na vinne. Mimi ni wa sitini na moja. Kitanda changu kiko chini ya dirisha lisilofunguka, na usiku wa joto nalala mlango wazi kama duka."

"Huo ni uongo," Haskett akasema kutoka nyuma, kwa utulivu mkubwa. "Ile ni stoo ya mashuka. Karatasi ziko kwenye ofisi ya mji."

"Mimi nafanana na shuka?" akauliza Verna.

Ukumbi ulicheka, hata mama wa mikate.

Lindqvist akavua miwani. Akamwita mkaguzi wa majengo, Bwana Okamoto, aliyekuwa amekaa pembeni na wafanyakazi wa mji.

"Ni kweli zipo karatasi," akasema Okamoto. "Zinasema stoo."

"Mara ya mwisho umepanda lini mwenyewe?"

Okamoto alikohoa. "Miaka mitatu."

"Ofisi yako inafungwa saa kumi na moja. Sasa hivi ni saa tisa na robo. Nenda ukavihesabu leo. Kura ya sheria tunaiahirisha hadi Alhamisi, na kipengele cha Bwana Purdy tutakijadili upya tukijua idadi."

Purdy akaanza kupinga. Sikumsikiliza. Nilikuwa natafuta mahali Haskett aliposimama, na palikuwa patupu.

"Anaenda kuvitoa vitanda," nikasema.

"Panda gari," akasema Verna. "Na usiniongeleshe."

Kutoka barazani hadi Marlowe ni mwendo wa dakika saba. Alikwenda kwa tano. Hakuniongelesha, nami sikumwongelesha, ila kwenye kona ya kiwanda cha samaki aliniwekea mkono kifuani nisijigonge kwenye kioo, kama mama afanyavyo kwa mtoto, kisha akautoa upesi kama aliyekosea.

Tulikuta godoro la kwanza limeshashuka ngazi. Leland, fundi wa hoteli, alikuwa juu na bisibisi, anang'oa namba ya mlango wa sitini na nne. Mzee wa mtungi wa hewa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki uani, kofia kichwani, nguo zake kwenye mfuko wa takataka.

Verna alimpita Leland, akaingia sitini na moja, akakaa katikati ya kitanda chake. Nami nikakaa kando yake. Kitanda kikalalamika.

Leland akaja mlangoni. Mtu mwema, mkubwa kama kabati. "Mama Verna, nimetumwa. Naomba uinuke."

"Nibebe na kitanda."

"Mgongo wangu huo mama unaujua."

"Basi nenda kamwambie aliyekutuma aje abebe yeye."

Leland akatazama bisibisi mkononi, akatutazama sisi, halafu akaishusha polepole juu ya kijimeza cha Verna, kando ya birika. Akatoka. Tukamsikia kule chini anamwuliza mzee kama anataka maji.

Haskett akaja mwenyewe, amevua koti.

"Wote wawili, kazi hamna," alisema.

"Mimi zangu ni siku mbili tu," Verna akamjibu. "Chukua, usione haya."

Haskett hakumtazama. Alinitazama mimi, na sauti yake ikawa ile ya ofisini, ya kiti cha ngozi.

"Otilia. Toka humo ndani. Ukitoka sasa, nitasema ulidanganywa, hukujua lolote. Ukikaa, tunazama wote. Unakumbuka ile stoo, sivyo?"

Nilikumbuka.

"Anasema nini huyu?" Verna akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Haya, hapo ndipo aibu yangu yote ilipo, nami niliapa nitawaambia yote. Miaka mitatu iliyopita Haskett alinijia dobi na karatasi moja. Mikono yangu ilikuwa imelowa, akanifutia kwa taulo yeye mwenyewe. Alisema ni ya kawaida, anahitaji sahihi ya mtu wa dobi. Wengi wangependa kusema hawakuisoma. Mimi niliisoma. Niliisoma yote, nikajua ni uongo, nikatia sahihi, kwa sababu alisema atanikumbuka.

Tukasikia hatua kwenye ngazi. Okamoto aliingia anahema, faili kwapani. Akatazama kitanda. Akatazama birika, nguo kwenye misumari, picha za wajukuu wa Verna ukutani. Akajaribu kufungua dirisha, likakataa. Akajaribu tena kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo stoo?" akauliza.

Haskett alisema, "Hawa wamevamia."

"Na birika nalo limevamia?"

Okamoto akafungua faili, akasoma kwa sauti ya mtu aliyechoka: "'Nathibitisha kwamba vyumba hivi sita vinatumika kuhifadhi mashuka, na hakuna mtu anayelala humo.' Ina sahihi ya mfanyakazi wa dobi. Kutoa maelezo ya uongo kwa mji ni kosa, mnajua. Mtu anaweza kushtakiwa." Akainua macho. "O. Quiroz. Huyu ni nani?"

Verna hakuelewa mara moja. Alianza hata kutabasamu, kama aliyesikia jina linalofanana na la mtu anayemjua. Kisha akanigeukia. Nililiona jambo hilo likimwingia kidogo kidogo. Miaka mitatu. Kabla ya blauzi, kabla ya kile kiti cha ngozi. Kitanda alichokalia, mlango unaolala wazi, yule mzee kule uani, vyote vilipitia kwenye kalamu yangu.

Haskett, aliyekuwa ameingia hatua moja ndani ya mlango, alinitikisia kichwa taratibu, mara moja, kama anayemwonya mtoto asiguse jiko.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikamwambia Okamoto. "Niliisoma kabla ya kutia sahihi, nikajua ni uongo. Andika hivyo hivyo. Na maneno aliyoniambia siku ile nitakwambia moja moja, naye akiwa hapa anasikia."

"Otilia," Haskett alisema.

"Usiniite jina."

Okamoto akafunua ukurasa mpya. Haskett akageuka aondoke.

Lakini Verna alikuwa ameshainuka. Akanipita bila kunigusa wala kunitazama, akamzunguka Haskett, akaufunga mlango, sote wanne tukiwa ndani, akaegemeza mgongo wake hapo, akakunja mikono kifuani.

"Anza," akaniambia. "Na uanze na mimi."